Rekodi ya machapisho ya mwanakemia: kuisafisha, kuhesabu nukuu na kuiandika kwa usahihi

Mwanakemia akiulizwa h-indeksi yake ni ngapi (yaani idadi h ya makala zake ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h), anaweza kutoa majibu matatu kwa siku moja na yote yakawa kweli: 14 kwa Google Scholar, 10 kwa Scopus, 9 kwa Web of Science. Kila kanzidata ina orodha yake ya majarida, na kila moja imekosea mahali pake. Ndiyo maana kazi ya kwanza si kuhesabu. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba orodha inayohesabiwa ni yako, imekamilika, na haina kitu kilichoandikwa mara mbili.

Hatua zifuatazo zinamfaa mhadhiri anayejaza fomu za kupanda cheo, mhitimu wa uzamivu anayeomba ufadhili, na mkutubi aliyepewa kazi ya kuthibitisha wasifu wa mtu mwingine. Nukuu hapa ina maana moja: kila mara makala nyingine inapoiweka yako kwenye orodha yake ya marejeleo. Kwa mwenye machapisho 30 au 40, tenga siku mbili za kukaa kwenye kompyuta, kisha wiki kadhaa za kusubiri kanzidata zifanye masahihisho uliyoomba. Usianze wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya fomu.

Orodha mama

Fungua lahajedwali tupu kabla ya kufungua kanzidata yoyote. Safu za lazima ni hizi: namba ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni), kichwa cha makala, majina ya waandishi kama yalivyochapishwa, jarida, mwaka makala ilipotoka mtandaoni, mwaka wa juzuu, juzuu na ukurasa wa kwanza au namba ya makala, aina ya chapisho, nafasi yako kati ya waandishi, nukuu za Google Scholar, Scopus na Web of Science, kila moja na safu yake, na tarehe ya kuhesabu.

Safu mbili za mwaka zinaonekana kama kazi ya bure mpaka mwaka mmoja ukuponze. Majarida ya American Chemical Society hutoa makala mtandaoni kabla ya kuipangia toleo. Makala ikitoka Desemba 2019 na kuingizwa kwenye juzuu ya 2020, kamati inayohesabu machapisho "tangu Januari 2020" inaweza kuikubali au kuikataa kulingana na mwaka ulioandika. Weka yote miwili, halafu fuata kanuni za chuo chako.

Kutafuta DOI moja moja kunachosha. Crossref, shirika linalosajili DOI, wana ukurasa wa bure uitwao Simple Text Query: bandika orodha yako ya marejeleo, nao watarudisha DOI wanazozitambua. Kila DOI iliyorudi ijaribu kwa kuibandika baada ya https://doi.org/ uone kama inafungua makala yenyewe. Isipofunguka, tazama makosa ya kawaida: nukta ya mwisho wa sentensi iliyonaswa pamoja na namba, herufi O mahali pa sifuri, au kistari kifupi ambacho programu ya kuandikia imekigeuza kuwa kirefu. Mwanzo wa DOI nao unasaidia kugundua kosa: 10.1021 ni American Chemical Society, 10.1039 ni Royal Society of Chemistry, 10.1016 ni Elsevier, 10.1002 ni Wiley, na 10.4314 ni majarida yaliyopewa DOI kupitia African Journals Online, likiwemo Bulletin of the Chemical Society of Ethiopia. Makala inayodaiwa kuwa ya Journal of Natural Products lakini DOI yake inaanza na 10.1016 ina kasoro, kwa kuwa jarida hilo huchapishwa na American Chemical Society.

Makala za zamani za majarida ya kwetu mara nyingi hazina DOI. Usizifute. Ziandike kwa juzuu na ukurasa, uzipe alama, na ukiruhusiwa na mwenye hakimiliki weka nakala kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo ili angalau Google Scholar iweze kuziona.

Jina

Majina yetu matatu yanazisumbua kanzidata. Mtu anayeitwa Asha Juma Hamisi anaweza kutokea kama Hamisi A. J., Juma A. H., au hata Asha J. H. pale mhariri alipodhani jina la kwanza ndilo la ukoo. Ongeza Mohamed na Mohammed, au mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa, na tayari mtafiti mmoja amegawanyika kuwa wanne. Chagua umbo moja, liandike vilevile kwenye kila makala kuanzia leo, na yale ya nyuma uyaunganishe kwa namba ya ORCID, yaani namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti.

ORCID ilianza kutoa namba hizo mwaka 2012, na kujisajili ni bure. Namba ina tarakimu 16 katika mafungu manne. Ya mwisho ni ya ukaguzi na inaweza kuwa herufi X, kwa hiyo usidhani ni kosa la uchapaji. Ndani ya ukurasa wako jaza sehemu ya majina mengine kwa kila umbo lililowahi kuchapishwa. Halafu ingiza makala kwa kutumia kiunganishi cha Crossref, na kile cha Scopus ukihitaji, badala ya kuandika kwa mkono; kwa njia hiyo DOI inakuja nzima.

Ukiweka ORCID yako wakati wa kuwasilisha makala, Crossref watakutumia ombi la ruhusa kwenye kisanduku cha ujumbe cha ORCID pale makala itakapotoka. Likubali mara moja, na machapisho yajayo yataingia yenyewe. Wengi hawafungui kisanduku hicho, kisha wanalalamika kwamba ORCID haifanyi kazi. Kumbuka pia kwamba ORCID haihesabu nukuu. Inatunza orodha tu.

Google Scholar

Wasifu wa Google Scholar unahitaji barua pepe ya chuo ili uonyeshwe kama uliothibitishwa. Hatari yake kubwa ni ile hali ya kujiongezea makala. Nenda kwenye mpangilio wa masasisho ya makala na uchague kuletewa barua pepe ya kuthibitisha kabla kitu chochote hakijaongezwa. Mwenye jina linalotumiwa na wengi asipofanya hivyo, baada ya mwaka atakuta ana makala za uhandisi wa barabara na uuguzi, na h-indeksi ya kupendeza isiyo yake. Kamati ikigundua, itatilia shaka hata zile za kweli.

Kisha tafuta marudio. Ukichagua maingizo mawili ya makala moja, kitufe cha Merge hujitokeza juu. Unganisha tu pale unapohakikisha ni makala ileile. Alama ya nyota kando ya idadi ya nukuu inaonyesha kwamba huenda ndani yake zimehesabiwa nukuu za ingizo lisilofanana na hilo. Bonyeza uone chanzo chake.

Google Scholar huhesabu nukuu kutoka tasnifu, ripoti na hataza. Kwa mtafiti wa dawa za mimea hilo lina faida yake, kwani tasnifu nyingi za uzamili zinazotumia matokeo yake hazionekani kwingine. Lakini usiweke namba ya Google Scholar kando ya namba ya Scopus ya mwenzako na kudai umemzidi.

Scopus na Web of Science

Kutazama wasifu wa mwandishi kwenye Scopus hakuhitaji usajili wa kulipia. Tafuta kwa kila umbo la jina na kwa kila chuo ulichopitia. Ukipata wasifu zaidi ya mmoja, tumia fomu ya Author Feedback Wizard: unachagua wasifu zote zilizo zako, unachagua jina litakaloonyeshwa, unakagua makala moja moja ukiondoa zisizo zako, kisha unatuma. Andaa DOI za zilizokosekana. Kabla ya kulalamika kwamba makala haipo, angalia kwenye orodha ya majarida ya Scopus kama jarida hilo limo, na kama limo, kwa miaka ipi. Jarida linaweza kuwa lilianza kuorodheshwa miaka mitatu baada ya makala yako, au likaondolewa.

Web of Science, inayomilikiwa na Clarivate, ina utata mwingine unaowachanganya hata wakutubi: unachokiona kinategemea kifurushi alicholipia mwajiri wako. Chuo kilicholipia miaka ya karibuni tu kitaonyesha h-indeksi ndogo kuliko chuo kilicholipia kurudi nyuma mpaka miaka ya 1970, kwa mtu yuleyule na siku ileile. Kwa hiyo andika kila mara kama umetumia Core Collection (mkusanyo wake mkuu) au kanzidata zote, na miaka iliyofunguliwa.

Asiye na njia ya kulipia atumie OpenAlex, ambayo ni ya wazi na ilizinduliwa mwaka 2022 kuziba pengo la Microsoft Academic. Ni pana sana, ila utambuzi wake wa waandishi una makosa mengi zaidi. Ikague kwa ORCID kwanza.

Mitego ya kemia yenyewe

Hapa ndipo miongozo ya jumla inapomwacha mwanakemia njiani.

Angewandte Chemie hutoka kwa Kijerumani na kwa toleo la kimataifa la Kiingereza. Makala moja, DOI mbili: moja ina herufi ange, nyingine anie. Hata juzuu hazilingani. Ya mwaka 2020 ni 132 kwa Kijerumani na 59 kwa toleo la kimataifa. Wanaokunukuu hugawanyika kati ya hizo mbili, na kanzidata inaweza kukuhesabia makala mbili zenye nukuu nusu nusu. Kwenye orodha mama weka mstari mmoja, DOI zote mbili, na ujumlishe nukuu baada ya kuondoa makala zilizozinukuu zote mbili kwa pamoja, maana wapo wanaofanya hivyo.

Viambatisho vya makala za American Chemical Society huwekwa kwenye hazina ya data na kupewa DOI yake inayoishia na s001, s002 na kuendelea. Data za miundo ya fuwele zilizowekwa Cambridge Crystallographic Data Centre nazo zina DOI zinazoanza na 10.5517. Mtaalamu wa fuwele akiruhusu kila kitu kiingie kwenye ukurasa wake, ataonekana ana machapisho mia moja hali makala zake ni ishirini. Data ni kazi halali na ina mahali pake kwenye wasifu, chini ya kichwa cha seti za data. Haikai kwenye hesabu ya makala.

Makala tangulizi za ChemRxiv, yaani zilizowekwa mtandaoni kabla ya jarida kuzichapisha, zina DOI inayoanza na 10.26434, na kila toleo lililorekebishwa linaweza kuwa na kiambishi cha v2 au v3. Makala ikishachapishwa na jarida, mstari ubaki mmoja: ule wa jarida.

Muhtasari wa mikutano ndio unaovimbisha rekodi kimyakimya. Web of Science huorodhesha muhtasari wa mikutano ya American Chemical Society kama aina ya Meeting Abstract, na Planta Medica huchapisha muhtasari wa makongamano ya mimea ya dawa, kila mmoja na DOI. Jarida ni la heshima, lakini aya moja ya bango si makala. Chuja kwa aina ya chapisho kabla ya kutaja idadi yoyote. Marekebisho ya makosa nayo huhesabiwa na baadhi ya kanzidata kama hati inayojitegemea. Yaunganishe na makala mama.

Mtego wa mwisho ni alama. Kichwa chenye β, TiO₂ au jina la kisayansi la mmea kwa herufi za mlazo hufika kwenye kanzidata kimevunjika, na makala inatokea mara mbili: moja ina "beta", nyingine ina kisanduku kitupu. Ukitafuta kwa kichwa huipati. Tafuta kwa DOI, au kwa maneno ya kawaida yaliyo katikati ya kichwa.

Kutafuta nukuu zilizopotea

Wanakemia wana desturi mbili za uandishi zinazopoteza nukuu kuliko fani nyingi. Ya kwanza: kwa miaka mingi marejeleo ya majarida ya kemia yameandikwa bila kichwa cha makala, kama ulivyokuwa mtindo wa Royal Society of Chemistry. Kinachobaki ni jina, kifupi cha jarida, mwaka, juzuu na ukurasa. Mtu akiandika ukurasa 1283 badala ya 1238, hakuna kichwa cha kumsaidia kompyuta kukisia, na nukuu inakosa mwenyewe. Ya pili ni kurundika marejeleo chini ya namba moja, (a), (b), (c) hadi (f), ambayo mashine za kusoma marejeleo wakati mwingine huyameza kama rejeleo moja.

Kwa Web of Science, fungua sehemu ya Cited Reference Search. Andika jina lako la ukoo na herufi ya kwanza ikifuatwa na nyota, kwa mfano Hamisi A*, na jarida kwa kifupi chake, J NAT PROD*. Acha mwaka wazi kwanza. Jedwali litakuonyesha kila namna ambavyo makala yako imewahi kuandikwa na wengine. Mistari yenye kiungo imeshatambuliwa. Isiyo na kiungo ni watoto waliopotea. Rudia kwa jina la mwandishi wa kwanza ikiwa si wewe, kwa sababu marejeleo huhifadhiwa chini yake.

Kwa kila uliyoipata, fungua makala iliyokunukuu, thibitisha kwa macho kwamba ni makala yako kweli, nakili namba yake ya utambulisho inayoanza na WOS, kisha jaza fomu ya kuomba marekebisho ya data. Andika kosa na usahihi wake: ukurasa ulioandikwa, ukurasa halisi, DOI. Ombi lenye makala kumi zilizopangwa vizuri hushughulikiwa kwa urahisi kuliko barua ya malalamiko. Scopus nayo hupokea maombi ya namna hiyo kupitia kituo chake cha msaada.

Je, kazi hii inalipa? Kwa mwenye nukuu elfu tano, hapana. Kwa mwenye h-indeksi ya 9 ambaye makala zake tisa za juu zina nukuu 10 au zaidi na ya kumi ina 9, nukuu moja iliyopotea ndiyo inayomzuia kufika 10. Anza na makala zilizo mpakani, si ile inayoongoza.

Hesabu yenyewe

h-indeksi ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia yenye nukuu nyingi hadi chache, zipe nafasi 1, 2, 3, na ushuke mpaka nafasi ya mwisho ambayo idadi ya nukuu bado ni sawa na nafasi au zaidi yake. Chukua makala 12 za mfano zenye nukuu hizi:

148, 61, 40, 33, 21, 17, 12, 9, 9, 6, 2, 0

Nafasi ya tisa ina nukuu 9, inatosha. Nafasi ya kumi ina 6, haitoshi. h ni 9. Jumla ya nukuu ni 358. Kipimo cha i10 cha Google Scholar, yaani makala zenye nukuu 10 au zaidi, ni 7.

Ipime orodha kwa njia ya haraka: Hirsch alionyesha kwamba jumla ya nukuu kwa kawaida ni kati ya mara 3 na mara 5 ya mraba wa h. Hapa 358 ukigawanya kwa 81 unapata 4.4, hakuna cha kushtua. Ukipata 15, ama kuna makala moja kubwa mno, ama kuna kitu kisicho chako kimejipenyeza. Rudi kwenye orodha.

Wastani wa 358 kwa 12 ni 29.8, na unadanganya. Toa ile ya 148 na wastani unashuka hadi 19.1. Namba ya katikati, ambayo hapa iko kati ya 17 na 12, yaani 14.5, inaeleza makala ya kawaida ya mtafiti huyu vizuri zaidi. Itaje hiyo.

Sasa ondoa nukuu za kujinukuu. Tuseme orodha inakuwa 139, 52, 33, 28, 15, 12, 8, 5, 4, 2, 0, 0. Jumla ni 298, kwa hiyo nukuu 60 zilikuwa zake mwenyewe, karibu asilimia 17, na h imeshuka kutoka 9 hadi 7. Tazama palipoumia: makala za juu hazikutikisika, za katikati ndizo zilizoanguka. Kujinukuu si kosa. Anayetenga viambata kutoka jamii moja ya mimea kwa miaka kumi lazima arejee kazi yake. Lakini eleza umeondoa zipi. Kuondoa nukuu zako peke yako na kuondoa za waandishi wenza wote ni hesabu mbili tofauti, na ya pili hukata zaidi sana katika maabara kubwa.

Kulinganisha na nani?

Kemia si shamba moja. Betri, vichocheo na nanomateria hunukuliwa haraka na kwa wingi. Kemia ya viambata asilia na ya fuwele huenda polepole. Makala za mbinu zina dunia yake: ile ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951 kuhusu kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na hakuna profesa wa kemia anayepimwa kwa kipimo hicho.

Mwenye Scopus anaweza kutumia FWCI (Field-Weighted Citation Impact), inayogawanya nukuu za makala kwa nukuu zinazotarajiwa kwa fani, aina na mwaka uleule; wastani wa dunia ni 1.00. Inafaa kwa idara. Kwa mtu mwenye makala kumi na mbili inayumba, kwani makala moja ya mapitio inaweza kuipandisha juu peke yake.

Njia ya mkono ni ya kuaminika zaidi kwa mtu mmoja. Kwenye OpenAlex chuja jarida, mwaka na aina ya makala. Panga kwa nukuu. Tuseme jarida lilichapisha makala 180 mwaka 2016. Ya 90 ina nukuu 14, na yako yenye 33 iko nafasi ya 38. Hapo unaweza kuandika kwa haki kwamba iko kwenye robo ya juu ya makala za jarida hilo mwaka huo. Makala ya mapitio ilinganishe na mapitio tu.

Kuhusu Journal Impact Factor, ile inayotangazwa na Clarivate kila Juni: ya mwaka 2024 ni nukuu za mwaka 2024 kwenda kwa yaliyochapishwa 2022 na 2023, ukigawanya kwa idadi ya makala na mapitio ya miaka hiyo miwili. Ni namba ya jarida. Mwaka 2008 George Sheldrick alichapisha historia ya programu ya SHELX katika Acta Crystallographica A, na karibu kila aliyechanganua fuwele akainukuu. Kipimo cha jarida kiliruka kutoka takriban 2 hadi 49.9 katika mwaka mmoja. Waliochapisha makala nyingine kwenye juzuu hiyohiyo hawakunukuliwa zaidi kwa sababu hiyo, ila kwenye fomu wangeweza kujiandikia 49.9. Kama fomu inakulazimisha kutaja kipimo hicho, taja cha mwaka makala ilipotoka, si cha leo, na ujihadhari na tovuti zinazouza vipimo vyenye majina yanayofanana. Orodha ya bure ya Clarivate, Master Journal List, itakuambia kama jarida limo.

Mchango wako

Kwenye kemia mwandishi wa mawasiliano, mwenye nyota kando ya jina, kwa kawaida ndiye kiongozi wa kazi, na mwandishi wa kwanza ndiye aliyekaa kwenye benchi. Si maabara zote hufuata hivyo, kwa hiyo andika. Mfumo wa CRediT, unaotaja nani alifanya nini kwenye makala, una majukumu 14; chagua yale uliyofanya kweli na uyafafanue kwa lugha ya maabara: "nilitenga viambata 1 hadi 6 na kutafsiri spektra za NMR; vipimo vya vimelea vya malaria vilifanywa na maabara shirika." Sentensi ya namna hiyo inamwambia msomaji wa fomu mengi kuliko asilimia za mchango zilizokisiwa.

Jinsi ya kuiandika

Kila namba iende na chanzo, tarehe na mipaka yake. Kwa mfano wetu:

"Makala 12 za majarida (2013–2024), 5 kati yake nikiwa mwandishi wa mawasiliano. Scopus, 10 Machi 2025: nukuu 358, h = 9; bila nukuu zangu mwenyewe, nukuu 298, h = 7. Namba ya katikati ya nukuu kwa makala ni 14.5. Makala yenye nukuu 148 ni ya mapitio."

Sentensi ya mwisho inaonekana kama kujipunguza. Iweke. Mkaguzi ataiona mwenyewe, na ni afadhali aikute imeandikwa. Baada ya hapo chagua makala tatu hadi tano na uandike mistari miwili kwa kila moja: tatizo lilikuwa nini, ulipata nini, na nani ameitumia. Kwa ile ya matumizi usiishie kwenye idadi. Fungua makala zilizokunukuu, utafute zile zilizorudia mbinu yako au kulinganisha spektra zao na zako. Kwa kemia yenye mwelekeo wa dawa au viwanda, Lens.org hukuonyesha bure hataza zilizonukuu makala yako, na kamati nyingi hazijawahi kuletewa ushahidi wa aina hiyo.

Usijumlishe nukuu za kanzidata tatu. Usitumie ya Google Scholar kwa jumla na ya Scopus kwa h kwenye mstari mmoja. Ikiwa makala yako imeondolewa na jarida, ibaki kwenye orodha ikiwa na maelezo hayo. Data za Retraction Watch ziko wazi kupitia Crossref tangu 2023 na yeyote anaweza kukagua. Na mhakiki au mhariri akikudai uongeze nukuu za jarida lake bila sababu ya kisayansi, mjibu kwa maandishi kwamba utaongeza zile zinazohusiana na hoja, uzitaje, basi.

Utunzaji

Hesabu mara mbili kwa mwaka, tarehe zilezile, na uhifadhi nakala ya lahajedwali ya kila mara badala ya kuandika juu ya ile ya zamani. Ukiulizwa baadaye namba fulani ilitoka wapi, utakuwa nayo. Namba ikishuka usishtuke: kanzidata huondoa marudio na majarida yaliyofutwa, na nukuu zake huenda nayo. Tafuta ni makala ipi iliyopungua kabla ya kuandika barua.

Ukihama chuo, fanya mambo mawili kabla barua pepe ya zamani haijafungwa. Badilisha barua pepe iliyothibitishwa kwenye Google Scholar, na uongeze ya binafsi kwenye ORCID. Wanaosahau hushindwa kurejesha nywila, hujisajili upya, na hubaki na ORCID mbili. Likishatokea, ingia kwenye ile unayoitaka, utafute sehemu ya kuondoa rekodi maradufu kwenye mipangilio ya akaunti, na uingize taarifa za ile nyingine. Kama huwezi tena kuifungua ile ya zamani, waandikie msaada wa ORCID ukitaja namba zote mbili.